Picha ya Msafara

Uhakiki si kazi ya vitabu peke yake. Shairi huhakikiwa, mchezo wa kuigiza huhakikiwa, na picha nayo haina budi kuhakikiwa, hasa ikiwa imetazamwa na watu wengi na kuaminiwa na karibu wote walioitazama. Picha ninayokusudia kuipima katika insha hii yaelekea umekwisha kuiona, msomaji, hata kama hujapata kulisikia jina la mchoraji wake. Upande wa kushoto yuko mnyama mdogo aliyeinama. Mbele yake yuko mwingine, na mbele ya huyo mwingine tena. Na kwa kadiri jicho liendavyo kulia, migongo hunyooka, vimo huongezeka, na manyoya ya mwili hupungua. Mwisho kabisa anatembea mtu kamili, kichwa juu na kifua mbele. Picha hiyo imenakiliwa katika vitabu, imebandikwa kutani, imetiwa juu ya fulana, na imechezewa na wachora katuni wa nchi nyingi. Mtu akiulizwa mageuko ya viumbe ni nini, aghalabu jambo la kwanza limjialo akilini ni msafara huo.

Msafara huo una asili inayojulikana. Mwaka 1965 ilichapishwa huko Marekani, katika mfululizo wa vitabu vya Time-Life juu ya maumbile, juzuu iliyoitwa Early Man, maana yake Mtu wa Kale. Mwandishi wake alikuwa F. Clark Howell, bingwa wa elimu ya mifupa ya kale. Mchoraji alikuwa Rudolph Zallinger, mzaliwa wa Irkutsk katika Urusi, ambaye alikuwa amekwisha kupata sifa kwa mchoro wake mkubwa wa ukutani wa wanyama watambaao wa zamani, ulioko katika Makumbusho ya Peabody ya Chuo Kikuu cha Yale. Ndani ya juzuu hiyo kulikuwa na ukurasa mrefu wa kukunjua, na juu yake viumbe 15 wamepangwa mmoja nyuma ya mwingine, wote wakielekea upande mmoja. Kichwa cha picha kilisema kwamba hiyo ndiyo njia iendayo kwa Homo sapiens, ambalo ndilo jina la kitaalamu la binadamu wa leo. Nakala nyingi tuzionazo siku hizi zimepunguza idadi hiyo hata kubakiza watano au sita, lakini umbo lake halikubadilika.

Mhakiki mwenye haki huanza na sifa za kazi kabla ya ila zake, nami nitafuata desturi hiyo. Picha ya Zallinger ina sifa tatu. Kwanza, imechorwa kwa mkono hodari: misuli, mifupa ya mashavu na mwendo wa miguu vimeonyeshwa kwa namna ambayo mtazamaji husahau kwamba wengi wa viumbe hao hakuna mtu aliyewaona wakiwa hai. Pili, iliwapa watu wa kawaida hisia ya wakati mrefu mno. Mamilioni ya miaka ni maneno matupu kwa watu wengi. Lakini mtu anayepitisha jicho lake kutoka kiumbe wa kwanza hadi wa kumi na tano huanza kuhisi urefu wa mambo. Tatu, inasema jambo moja la kweli, na la msingi: kwamba mwili wa binadamu una historia, na kwamba wako viumbe waliotutangulia ambao hawakuwa kama sisi tulivyo. Ukweli huo umethibitishwa na ushahidi mwingi, wa mifupa na wa chembe za urithi. Sitaki msomaji ayafikirie maneno yangu yafuatayo kuwa hoja ya kuubomoa. Ninachopinga ni umbo ambalo picha imeupa ukweli huo.

Kosa la kwanza ni dogo, lakini linatufunza mengi. Viumbe wote 15 wamesimama kwa miguu miwili, hata wale wa mwanzo kabisa. Wa pili katika safu anaitwa Proconsul, na huyu ni wa kwetu. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata fuvu lake katika kisiwa cha Rusinga, ndani ya Ziwa Victoria, kwenye udongo wa zamani wa yapata miaka milioni 18. Proconsul hakuwa na mkia, naye alitembea kwa miguu minne juu ya matawi ya miti. Wenye kitabu walilijua jambo hilo. Waliandika kando ya picha kwamba viumbe wa mwanzo walikuwa wa miguu minne, na kwamba wamesimamishwa ili kuwezesha ulinganifu. Ni maneno ya kweli. Ila yameandikwa kwa herufi ndogo, ilhali picha inasema kinyume chake kwa sauti kubwa. Picha ilipotoka kitabuni ikaanza kuzunguka duniani, maneno yale yalibaki nyuma, na Proconsul akaendelea kutembea kama mtu ajaye sokoni.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni la mstari mmoja. Watu waliopangwa katika safu, wa nyuma akimfuata wa mbele, humfanya mtazamaji adhani kwamba kila mmoja alimzaa yule aliye mbele yake. Hebu tuwachunguze baadhi yao. Oreopithecus, ambaye mifupa yake imepatikana Italia, alikuwa tawi la pembeni lililokatika bila kuacha kizazi. Ramapithecus alichorwa mwili mzima ingawa kilichokuwa mikononi mwa wataalamu kilikuwa vipande vya taya na meno tu. Hata taya iliyopatikana Fort Ternan, hapa Kenya, mwaka 1961 ilihesabiwa na baadhi yao kuwa ya jamii hiyo hiyo. Kisha yakaja mambo mawili. Mwaka 1967 Vincent Sarich na Allan Wilson walilinganisha protini za damu za binadamu na za sokwe, wakakadiria kwamba koo hizo mbili zilitengana miaka milioni 5 hivi iliyopita, yaani muda mrefu baada ya Ramapithecus; na ingawa makadirio ya leo yanausogeza utengano huo nyuma kidogo, hayaufikishi kwenye zama zake. Halafu mwaka 1982 ulielezwa uso wa kiumbe wa jamii yake uliopatikana Pakistan, ukaonekana kufanana na uso wa orangutangu wa Asia. Babu yetu akawa babu wa wengine, au ndugu wa babu yao.

Mfano ulio wazi kupita yote umetoka kando ya Ziwa Turkana. Katika picha, Paranthropus mwenye taya nene ametangulia, na Homo erectus anafuata baadaye, kana kwamba huyu alitokana na yule. Mwaka 1969 Richard Leakey alipata huko Koobi Fora fuvu zima la Paranthropus. Mwaka 1975 Bernard Ngeneo, mmoja wa watafutaji hodari wa kundi lake, akaliona fuvu la Homo erectus katika eneo lile lile, kwenye tabaka za zama zile zile. Mwaka 1976 Leakey na Alan Walker waliyatangaza mafuvu hayo mawili kwa pamoja, na hoja yao ilikuwa nyepesi kufahamika: viumbe wawili walioishi mahali pamoja wakati mmoja, wenye maumbo yaliyoachana kiasi hicho, hawawezi kuwa ngazi mbili za safari moja. Mmoja hakugeuka kuwa mwingine. Walikuwa majirani. Ushahidi huo ulikamilishwa kwa namna ya kupendeza mwaka 2024, zilipotangazwa nyayo za miaka milioni 1.5 iliyopita kutoka upande huo huo wa mashariki ya ziwa. Katika tope moja lililogeuka kuwa jiwe zimo nyayo za namna mbili za mwendo, ambazo wachunguzi wanazinasibisha na Homo erectus na Paranthropus. Miguu yao ilikanyaga ufuo mmoja, huenda kwa kupishana saa chache au siku chache tu.

Hapa mtu anaweza kuniuliza: je, ni haki kumlaumu mchoraji wa mwaka 1965 kwa sababu ya mifupa iliyopatikana mwaka 1975? Swali hilo ni zuri, na uhakiki usiolijibu si uhakiki. Hapana budi kutenga makosa ya wakati na makosa ya umbo. Kumweka Ramapithecus katika safu lilikuwa kosa la wakati. Mabingwa wengi wa siku zile wangeliafiki. Lakini mstari mmoja ni kosa la umbo, na lilikuwa na uwezo wa kuepukwa. Charles Darwin mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya asili ya spishi, alitia mchoro mmoja tu, na mchoro huo una umbo la matawi yanayogawanyika, mengi yakikatika njiani. Tena mwaka 1964, yaani mwaka mmoja kabla ya msafara kuchapishwa, Louis Leakey na wenzake walitangaza kutoka bonde la Olduvai, Tanganyika, kiumbe waliyemwita Homo habilis, wakaeleza kwamba aliishi zama moja na yule mwenye taya nene aliyepatikana na Mary Leakey mwaka 1959. Basi elimu ya matawi ilikuwako. Hata Howell hakudai katika maandishi yake kwamba wote walikuwa baba na wana, na juu ya picha kulikuwa na mistari inayoonyesha muda ambao kila kiumbe aliishi. Ubaya ni kwamba mpango wa picha uliyashinda maelezo ya kitabu.

Kosa la tatu halionekani upesi. Katika msafara kila kitu hukua kwa pamoja: mgongo ukinyooka kidogo, kichwa nacho huongezeka kidogo, na akili humeta machoni kidogo. Mtazamaji huondoka na wazo kwamba babu zetu walisimama wima kwa sababu walikuwa wakipata akili, au walipata akili kwa kadiri walivyosimama. Mifupa inasimulia mambo mengine. Mwaka 1974 huko Hadar, Ethiopia, yalipatikana mabaki ya kiumbe wa kike aliyepewa jina la Lucy, wa miaka milioni 3.2 iliyopita. Nyonga na goti lake vyaonyesha kwamba alitembea wima. Lakini ubongo wa jamii yake haukupita sana ule wa sokwe. Mwaka 1978 huko Laetoli, Tanzania, kundi la Mary Leakey lilifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkeno yapata miaka milioni 3.66 iliyopita, zaidi ya miaka milioni moja kabla ya ubongo mkubwa kutokea. Basi miguu ilitangulia, kichwa kikafuata kwa mbali.

Fikiria pia kijana wa Nariokotome. Mwaka 1984, magharibi ya Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona juu ya changarawe kipande kidogo cha fuvu, na kazi ya uchimbaji iliyofuata ikatoa karibu mifupa yote ya mtoto wa kiume wa Homo erectus aliyekufa miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Miguu yake ilikuwa mirefu, na kwa mbali umbo lake lingeweza kudhaniwa kuwa la kijana wa leo. Hata hivyo ubongo wake ulikuwa wa sentimita za ujazo 880 hivi, ilhali wa mtu mzima wa siku hizi hukaribia 1,350. Na si kwamba vichwa vidogo vilitoweka kwa utaratibu. Homo naledi, aliyetangazwa Afrika ya Kusini mwaka 2015, alikuwa na ubongo usiofika nusu ya wetu, naye aliishi kati ya miaka 335,000 na 236,000 iliyopita, wakati ambapo watu wa jamii yetu walikuwa wamekwisha kuanza kutokea. Wapi utamweka kiumbe huyo katika msafara? Ukimweka nyuma, umeharibu tarehe. Ukimweka mbele, umeharibu picha.

Kosa la nne lahusu maana ya mageuko yenyewe. Msafara una mahali uendako. Wote wanatazama upande mmoja, kana kwamba yule wa kwanza, akiwa juu ya mti wake, alikuwa na habari za yule wa mwisho na shauku ya kumfikia. Uteuzi wa maumbile, kama Darwin alivyoueleza na kama wataalamu wanavyoufahamu leo, haufanyi kazi hivyo. Watoto wa kiumbe chochote hawafanani kabisa. Baadhi yao wamezaliwa na sifa zinazowafaa zaidi mahali walipo na wakati walipo. Hao huelekea kuishi na kuzaa zaidi, na sifa zao huenea. Hapana zaidi ya hayo. Kinachofaa hapa huenda kisifae kule, na kilichofaa jana huenda kikadhuru kesho.

Ushahidi mzuri wa jambo hilo ulipatikana katika nchi hii, tena katika damu ya watu walio hai. Daktari Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika ya Kusini na kukulia Kenya, alichunguza damu za watu wa Kenya mwaka 1949. Aliona kwamba urithi wa selimundu, ambao hupinda chembe nyekundu za damu zikawa kama mundu, ulikuwa umeenea sana pwani na kando ya Ziwa Victoria, ilhali katika nyanda za juu zenye baridi ulikuwa haba. Akajiuliza sababu, na mwaka 1954 akatoa jibu lake: mtoto anayerithi sifa hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, na kwa hiyo huishi pale ambapo wengine hufa, lakini anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili hupatwa na ugonjwa mzito. Mahali penye mbu wa malaria sifa hiyo ina faida pamoja na hasara yake. Mahali pasipo na mbu hao, imebaki hasara peke yake. Sasa niambie, msomaji, katika msafara wa Zallinger mtu mwenye sifa hiyo atembee mbele ya mwenzake au nyuma? Swali halina jibu, kwa kuwa mageuko hayana mbele na nyuma. Yana mahali, wakati, na idadi ya watoto waliosalia.

Kutoka kosa hilo latoka swali ambalo kila mwalimu wa somo hili amekwisha kuulizwa: ikiwa mtu alitokana na nyani, mbona nyani wa leo hawageuki kuwa watu? Mwanafunzi anayeuliza hivyo si mjinga. Ameitazama picha, ameisoma sawasawa, na amedai ifuate kanuni zake yenyewe. Maana katika msafara kila aliye nyuma yuko njiani kufika mbele. Kosa ni la picha. Tena lugha yetu imeongeza kosa juu ya kosa. Kiswahili ni tajiri wa majina ya jamii hii: tuna nyani, tumbili, kima, ngedere, mbega na sokwe, na kila jina lina mnyama wake. Nyani ni yule mwenye mkia na pua ndefu anayevamia mashamba ya mahindi. Ukoo wake ulitengana na ukoo wetu yapata miaka milioni 25 iliyopita au zaidi. Aliye karibu nasi ni sokwe. Na hata yeye si babu yetu bali ni binamu yetu, kwa kuwa sisi na yeye tulitokana na wahenga wamoja ambao hawakuwa sokwe wala watu. Hakuna ajabu kwamba binamu yako hageuki kuwa wewe. Yeye naye amekuwa na historia yake, yenye urefu sawasawa na yako.

Kosa la tano ndilo linalonifanya niandike insha hii kwa vijana wa Kenya. Tazama tena picha. Viumbe wote 15 ni wanaume, kana kwamba jamii hiyo ilizaana bila mama. Na yule wa mwisho, aliyewekwa mahali pa ushindi, ana sura na rangi ya Mzungu. Sidai kwamba Zallinger alikusudia kumtukana mtu. Mchoraji huchora watu anaowaona mtaani kwake. Lakini picha hii haikutokea katika dunia tupu. Kwa zaidi ya miaka mia moja kabla yake walikuwako wasomi wa Ulaya na Marekani waliozipanga jamii za watu juu ya ngazi, wakajiweka wenyewe kileleni na kuwaweka Waafrika karibu na wanyama; na ngazi hiyo ikatumiwa kutetea utumwa na ukoloni. Mpango wa msafara, hata usiponena neno, huiweka tena ngazi ile mbele ya macho. Kijana Mwafrika anayeutazama huweza kuwa na mashaka ya kimya ambayo hatayasema darasani: mimi niko wapi katika safu hii?

Sayansi yenyewe ina jibu, na jibu hilo halina utata. Watu wote walio hai leo ni spishi moja. Mabaki ya kale kabisa yanayohesabiwa kuwa ya jamii yetu yamepatikana katika bara hili: huko Jebel Irhoud, Moroko, yamekadiriwa mwaka 2017 kuwa ya miaka 300,000 hivi. Kutoka Afrika watu walienea duniani, na tofauti za rangi ya ngozi ni mabadiliko madogo yaliyofuata ukali wa jua la kila mahali. Hakuna taifa lililo hai ambalo limebaki nyuma ya safari, kwa sababu kila mtu anayepumua leo ana nyuma yake idadi ile ile ya miaka ya mageuko. Kadhalika Neanderthal wa Ulaya, ambaye katika picha ametangulizwa kama ngazi ya kumfikia mtu wa leo, ameonekana kuwa jambo jingine. Mwaka 2010 chembe zake za urithi zilisomwa, ikajulikana kwamba alikuwa tawi lililokua pembeni yetu kisha likachanganyika nasi kidogo, hata watu wengi walio nje ya Afrika wana asilimia 1 hadi 2 ya urithi wake.

Ikiwa msafara haufai, tuweke nini mahali pake? Wengi husema mti, nami nakubali kwamba mti ni bora kuliko mstari, kwa kuwa huonyesha matawi, na huonyesha kwamba mengi yamekauka. Lakini habari hiyo ya Neanderthal yaonyesha upungufu wa mti pia, maana tawi likiisha kuachana na tawi jingine, halirudi kuungana nalo. Kwa zile sehemu za karibuni za historia yetu napenda zaidi mfano wa Mto Tana unapoikaribia bahari. Huko maji hugawanyika katika mikono mingi. Mkono mmoja hupotea katika kinamasi, mwingine huzunguka na kuingia tena katika mwenzake, mwingine hubadili njia baada ya mafuriko. Mtu anayesimama juu ya ukingo wa mkono mmoja uliofika baharini akasema kwamba mto wote ulikuwa ukitafuta mahali aliposimama yeye, tutamcheka. Msafara wa mwaka 1965 ulisema maneno hayo hayo juu ya binadamu, na watu hawakucheka.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kama kazi ya mkono, picha ya Zallinger ni njema. Kama kumbukumbu ya mawazo ya watu wa zama zake, yastahili kuhifadhiwa na kusomwa. Kama maelezo ya mageuko, inapotosha; na upotoshaji wake mkubwa haukutokana na uchache wa mifupa, ambao ungeweza kusameheka, bali na tamaa ya kuifanya historia ndefu iwe hadithi moja yenye shujaa mmoja na mwisho mmoja. Stephen Jay Gould, mwanasayansi na mwandishi wa Marekani, aliushambulia mtindo huo wa picha katika kitabu chake cha mwaka 1989, Wonderful Life, lakini msafara bado unatembea, kwa kuwa ni rahisi kukumbukwa.

Wewe mwanafunzi huna haja ya kuuchana ukurasa wenye picha hiyo. Ukiukuta, usome pamoja na maswali. Uliza kila kiumbe alipatikana wapi, lini, na kwa mifupa mingapi. Uliza ni nani aliishi pamoja na nani. Uliza ni nani ameachwa nje, na kwa nini aliye mwisho amewekwa mwisho. Kisha, ukipata nafasi ya kufika Nairobi, nenda Makumbusho ya Taifa uone habari za yale yaliyofukuliwa Rusinga, Koobi Fora na Nariokotome. Baadhi ya mifupa iliyoivunja safu ile imehifadhiwa huko, nayo iliokotwa juani na watu wa nchi hii, kina Kamoya Kimeu na Bernard Ngeneo, ambao walijua kutofautisha jiwe na mfupa kwa macho yao wenyewe.